Barua za vita zilizomfuata binti chuoni

Mpenzi msomaji, katika nyumba zetu nyingi kuna sanduku la bati au mkoba wa zamani uliosukumwa chini ya kitanda cha mama au nyanya. Ndani yake mna cheti cha ubatizo, risiti za karo, picha zilizopauka na, ukibahatika, barua chache zilizofungwa kwa uzi. Aghalabu barua hizo hukumbukwa siku ya kuhama au baada ya matanga, na si ajabu zikaishia jikoni kuwashia moto. Jumapili hii ningependa tuzungumze juu ya barua za aina hiyo kabla mtu hajawasha kiberiti.

Nitakusimulia kisa cha binti mmoja Mwingereza aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vile vya 1914 hadi 1918. Wanaume wanne aliowapenda walikuwa vitani. Alichobaki nacho, vita vilipokwisha, ni barua zao.

Binti huyo aliitwa Vera Brittain. Alizaliwa mwaka wa 1893 na kukulia katika mji mdogo wa Buxton, katikati ya Uingereza. Babake alikuwa mtu wa mali, mwenye kiwanda cha kutengeneza karatasi. Hakukuwa na shida ya fedha nyumbani. Hata hivyo, Vera alipotamka kwamba anataka kusoma chuo kikuu, babake alikataa. Mtoto wa kiume, Edward, ndiye angepelekwa Oxford. Wa kike angejifunza kuvaa vizuri, kucheza dansi na kungojea posa. Je, msomaji, maneno hayo ni mageni masikioni mwako? Wapo mama na shangazi zetu wengi walioyasikia kwa Kikikuyu, Kiluo, Kikamba na Kiswahili, karo ilipopungua na ikabidi mmoja abaki nyumbani.

Vera hakukata tamaa. Alihudhuria mihadhara ya jioni iliyotolewa mjini kwao na mwalimu kutoka Oxford, akajisomea peke yake, na Edward, ambaye alikuwa mdogo wake, akamtetea mbele ya baba. Mwaka wa 1914 alifanya mtihani na kupata msaada wa masomo katika chuo cha wanawake cha Somerville, Oxford. Kumbuka kwamba siku hizo mwanamke aliruhusiwa kusikiliza mihadhara na kufanya mitihani ya Oxford, lakini hata akipita namna gani, hakupewa shahada. Mlango huo ulifunguliwa mwaka wa 1920.

Edward alikuwa na marafiki wawili wa chanda na pete katika shule ya bweni ya Uppingham. Mmoja aliitwa Victor Richardson. Wa pili, Roland Leighton, alikuwa kijana hodari wa masomo, mpenda mashairi, aliyezoa zawadi nyingi siku ya kufunga shule Julai 1914. Roland naye alikuwa amepata nafasi Oxford. Aprili mwaka huo alikuwa amemtumia Vera riwaya iliyoandikwa na mwanamke wa kutoka huku kwetu Afrika. Ni "The Story of an African Farm" ya Olive Schreiner wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka wa 1883. Ndani yake mna msichana anayetaka kusoma na kujitawala mwenyewe. Vera alijiona mle. Kwa hiyo mapenzi yao yalianza kwa maandishi, hata kabla ya vita.

Basi mipango ikawa ni hiyo: Oktoba 1914 Vera, Roland na Edward wote wangekuwa Oxford. Lakini mtu hupanga na Mungu hupangua. Tarehe 4 Agosti Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Wavulana wale, ambao hawakuwa wametimiza miaka 20, wakakimbilia kuomba kazi ya uafisa jeshini. Oktoba ilipowadia, Vera aliingia chuoni peke yake.

Huko chuoni maisha yaliendelea kwa jina tu. Vera alikuwa akisoma Kilatini na Kigiriki, lugha alizotakiwa kuzipita kabla ya kuendelea na Kiingereza alichokuja kusomea. Miongoni mwa wanafunzi waliomtangulia pale Somerville ni Dorothy Sayers, ambaye baadaye alivuma kwa hadithi za upelelezi. Lakini vyuo vya wanaume vilikuwa vinabaki vitupu kila uchao. Mwaka wa 1915 serikali ilichukua majengo ya Somerville yenyewe na kuyafanya hospitali ya wanajeshi. Wasichana wakahamishiwa sehemu ya chuo cha wanaume cha Oriel, ambacho vijana wake walikuwa wamekwenda vitani. Hebu fikiri, unasomea katika bweni la kijana ambaye hujui kama yu hai!

Jambo jingine lililotawala maisha ya msichana wa wakati ule ni ulinzi. Binti wa heshima hakukutana na mvulana bila mtu mzima kukaa kando. Roland na Vera walipoonana London mwishoni mwa 1914, shangazi alikuwa pamoja nao. Siku walizokaa pamoja maishani mwao zilikuwa za kuhesabika. Barua, kwa upande wake, haikuhitaji shangazi. Yale ambayo wawili hao wasingethubutu kuyasema mezani, waliyaandika. Roland alivuka kwenda Ufaransa tarehe 31 Machi 1915, na tangu siku hiyo barua ndiyo iliyokuwa sebule yao.

Labda utauliza, barua zilipitaje katikati ya mizinga? Jeshi la Uingereza lilijua kwamba askari asiyepata habari za nyumbani hupigana kwa moyo mzito. Katika bustani ya Regent's Park, London, lilijengwa banda kubwa sana la mbao ambamo barua zilichambuliwa kikosi kwa kikosi. Vita vilipopamba moto, zilipita humo barua zipatazo milioni 12 kwa wiki. Kutoka London zilipelekwa pwani kwa gari moshi, zikavuka bahari kwa meli, na baada ya siku chache zilikuwa mkononi mwa askari ndani ya handaki, pengine pamoja na keki na soksi za sufu.

Barua za askari wa kawaida zilisomwa kwanza na afisa wake, na lolote la siri likafutwa. Maafisa waliaminiwa kujichunga wenyewe, ingawa barua zao zingeweza kufunguliwa njiani. Palikuwa pia na kadi iliyopigwa chapa sentensi tayari, kwamba mimi ni mzima, nimelazwa hospitalini, nimepata barua yako. Askari alifuta zisizomhusu na kutia sahihi. Akiongeza neno lake mwenyewe, kadi ilitupwa. Kwa aliyengoja nyumbani, hata kadi hiyo kavu ilitosha kumrudishia pumzi.

Lakini angalia kitu kimoja, msomaji. Kadi ile ilisema mwandishi alikuwa mzima siku alipoiandika. Haikusema lolote juu ya siku iliposomwa. Vera alilijua jambo hilo, na ndilo lililomnyima usingizi. Kila bahasha aliyoipokea ilimpa furaha ya juzi na wasiwasi wa leo.

Barua za kwanza za Roland zilikuwa za kijana aliyekwenda kutafuta sifa. Aprili 1915, akiwa katika msitu wa Ploegsteert nchini Ubelgiji, alichuma maua madogo ya zambarau na kuyatia katika bahasha kwa ajili ya Vera. Karibu na maua hayo alikuwa ameikuta maiti ya askari. Kufikia Septemba mwaka huo maneno yake yalikuwa yamegeuka. Alimwandikia waziwazi juu ya mifupa na nguo zilizooza alizozikuta katika mahandaki ya zamani, akasema kwamba yeyote anayedhani vita ni fahari na aje aone mwenyewe. Ni kijana yule yule, na ilikuwa imepita miezi mitano tu. Tungejuaje jinsi moyo wake ulivyogeuka kama barua hizo zingetupwa?

Vera naye alikuwa amegeuka. Aliona haya kukaa na kamusi ya Kilatini huku wenzake wakilala matopeni. Juni 1915, baada ya kufanya mtihani wake wa mwaka, aliomba likizo ya masomo akajiunga na wauguzi wa kujitolea. Alianza hospitalini Buxton, na kabla mwaka haujaisha alikuwa katika hospitali ya jeshi huko Camberwell, London. Binti aliyekuwa na watumishi nyumbani kwao sasa aliosha vidonda, akabeba beseni na kusimama usiku kucha. Barua aliandika baada ya zamu, miguu ikiwaka moto.

Agosti 1915 Roland alikuja likizo na wakachumbiana. Lakini usidhani kwamba kila kitu kilikuwa asali. Roland aliporudi vitani, barua zake zikaanza kupungua na kuwa baridi. Mwanzoni mwa Novemba aliandika kana kwamba Vera amekuwa kwake mtu wa kitabuni, si mtu wa kweli. Vera aliumia, akamjibu kwa maneno makali. Tangu kuitia barua ile katika sanduku la posta, akawa na hofu: je, ikimfikia kesho na kesho kutwa auawe? Neno la hasira lililo ndani ya bahasha halirudishwi. Ukigombana na mwenzako ana kwa ana, unaweza kuona uso wake na kulainika. Barua huendelea kugomba hata wewe umekwisha kupoa.

Bahati nzuri, Roland alijibu. Aliomba msamaha, na mambo yakatengenea. Akapata habari kwamba atakuwa na likizo ya Krismasi. Kama wasingepatana Novemba hiyo, huenda Vera angeishi na jeraha lile mpaka kaburini.

Kwa maana Krismasi ilifika, lakini Roland hakufika. Vera alikuwa akimngoja na wazazi wake katika hoteli moja mjini Brighton, karibu na nyumbani kwa akina Roland. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba akaitwa kwenye simu. Alikimbia akijua ni yeye. Alikuwa ni dadake Roland, Clare. Usiku wa tarehe 22, huko Hébuterne nchini Ufaransa, Roland alitoka kukagua seng'enge iliyozunguka handaki lao, mwezi ukiwaka. Alipigwa risasi tumboni, na siku ya pili akafariki katika kituo cha matibabu cha Louvencourt. Alikuwa na umri wa miaka 20. Siku tatu nzima Vera alikuwa amemngoja mtu aliyekwisha kufa.

Hakuacha neno la kuaga. Vera alitumia wiki nyingi kuwaandikia maafisa wenzake, akitafuta hata sentensi moja aliyoitamka mwishoni. Januari 1916 mzigo wake ulirudishwa kwa mamake, nguo zikiwa na matope na damu, na Vera alikuwapo ulipofunguliwa. Aliketi akamwandikia Edward habari yote, mpaka harufu ya nguo hizo. Barua hiyo ni nzito kuisoma hata leo, lakini haina chuki ndani yake wala majivuno ya kijeshi.

Kuanzia hapo, msomaji, msiba uliita msiba. Septemba 1916 Vera alipelekwa Malta, kisiwa kilicho katika Bahari ya Kati. Geoffrey Thurlow, rafiki wa Edward aliyekuwa amekuwa rafiki yake pia, aliuawa Ufaransa tarehe 23 Aprili 1917. Barua yake ya mwisho aliiandika siku tatu kabla ya hapo, kwa hiyo ilivuka bahari kumfikia Vera huku mwandishi wake hayuko tena. Mwezi huo huo Victor alipigwa risasi kichwani na kupofuka. Vera alirudi nyumbani akiwa amekata shauri kumwoa, kwa lugha ya siku hizi, yaani kujitolea awe mkewe na macho yake. Victor alifariki tarehe 9 Juni.

Akabaki Edward, mtoto wa mama yake. Vera alikwenda kuuguza Étaples, Ufaransa, na huko akawekwa katika wadi ya mateka wa Kijerumani. Huku anajitahidi kuokoa maisha ya Wajerumani, kwingine nduguye anapambana na wenzao. Jambo hilo nalo aliliandika. Mwaka wa 1918 aliitwa nyumbani kwa sababu mamake alikuwa mgonjwa. Edward alikuwa amehamishiwa Italia, na tarehe 15 Juni aliuawa kwenye milima ya Asiago. Telegramu iligonga mlango London tarehe 22. Kwa siku saba familia ilikuwa imemwombea kama mtu aliye hai.

Wengi wangedhani binti huyo amekwisha. Mwaka wa 1919 alirudi Somerville, akiwa na umri wa miaka 25, kumaliza masomo aliyoyaacha. Aliacha Kiingereza akachagua historia, kwa kuwa alitaka kuelewa ni kitu gani kilichowaua watu wake. Haikuwa rahisi. Wasichana wadogo wa chuoni walichoka kusikia habari za vita, na kwao alikuwa mtu wa zama zilizopita. Akiwa huko alipata rafiki mpya, Winifred Holtby, ambaye pia alikuwa ametumika jeshini, na wote wawili wakawa waandishi. Mwaka wa 1921 alimaliza masomo, na kwa kuwa sheria ilikuwa imebadilika, shahada yake alipewa.

Na zile barua? Hakuzichoma. Alizihifadhi pamoja na shajara yake, na mwaka wa 1933 akatoa kitabu cha maisha yake kiitwacho "Testament of Youth" kilichojengwa juu yake. Kitabu hicho kiliwafundisha watu vita vilivyokuwa kwa mwanamke aliyengoja na aliyeuguza. Maisha yake yote yaliyosalia alipigania amani. Alifariki mwaka wa 1970, na kwa ombi lake majivu yake yakatawanywa kwenye kaburi la Edward huko Italia. Mwaka wa 1998 barua zenyewe zilichapishwa kitabuni, na hati zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada.

Sasa turudi kwetu, kwa maana vita hivyo vilikuwa vyetu pia. Agosti 1914, mwezi ule ule Roland alipokuwa akitafuta nafasi jeshini, Wajerumani waliiteka Taveta. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliandikwa, wengi kwa nguvu, kubeba risasi na chakula cha majeshi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao kutokana na kikosi hicho cha wachukuzi, Carrier Corps. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa malaria, kuhara na njaa kuliko kwa risasi.

Je, mchumba wa mchukuzi wa Machakos au Kisumu alipata barua gani? Wengi wa vijana wale hawakufundishwa kusoma wala kuandika, na hakuna aliyewajengea banda la mbao la kuchambulia barua. Mama aliona mwana akiondoka, akangoja mvua moja, ya pili na ya tatu, mpaka akaacha kungoja. Hakukuwa na telegramu. Mapenzi yao hayakuwa madogo kuliko ya Vera na Roland. Tofauti ni karatasi. Ndiyo maana leo tunaweza kujua alichohisi afisa wa miaka 20 katika msitu wa Ubelgiji, ilhali ya babu aliyezikwa njiani kuelekea Rufiji hatujui, hata jina lake.

Somo ni gani basi? La kwanza, mwandikie mtu wako aliye mbali, awe mwanajeshi aliyepelekwa nchi jirani, mwanafunzi wa ng'ambo au binti anayefanya kazi Uarabuni. Ujumbe mfupi wa simu ni mzuri kwa kuuliza hali. Lakini yale mazito yaandikie karatasi, umweleze ukweli kama Roland alivyofanya Septemba ile. La pili, mkigombana, patana naye upesi. Usilale ukitumaini kwamba kesho ipo.

La tatu ni lile sanduku la bati. Lifungue pamoja na mwenyewe angali hai. Muulize mama ni nani huyu aliyeandika kutoka Gilgil, kutoka Burma, kutoka Makerere. Kama hana barua, chukua daftari uandike anayoyakumbuka, na utie tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na ukoo nao ni mali.